Taksimu isikatwe kwa kisingizio cha muda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa rohoni tangu usiku wa tamasha moja la taarabu lililofanyika hapa Tanga, ambalo mimi nilikuwa miongoni mwa wapiga fidla wake. Muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, mmoja wa waandalizi alitukusanya akatuarifu kwamba kila wimbo umepewa dakika 5 na kwamba taksimu zote, yaani vipande vya ala vinavyobuniwa papo hapo kuufungulia wimbo, ziondolewe, kwa kuwa hazina maneno na watu hawakuja kusikiliza nyuzi. Mgeni wetu, mpiga udi kutoka Ngazija, alikuwa ameketi pale pale akikaza nyuzi zake. Alisikia, akatabasamu, akaurudisha udi mfukoni.

Alasiri ya siku hiyo, katika ua wa nyumba moja ya Ngamiani, mambo yalikuwa mengine kabisa. Mgeni hakuujua wimbo tuliokusudia kuupiga, nasi hatukujua kwao nyimbo za namna hiyo huingiwaje, lakini hakuna aliyetafuta karatasi. Alianza taksimu peke yake, bila ngoma, kwa sauti za chini za makamu, yaani ngazi ya sauti, iitwayo rasti, akaishikilia sauti moja kama mtu anayebisha hodi, kisha akapanda taratibu, akachungulia makamu ya jirani na kurudi alipoanzia. Aliponyamaza nilimjibu kwa fidla, kwanza kwa kumrudia alivyopiga, halafu kwa kuchepuka kidogo ili nione kama atanifuata. Akanifuata. Mpiga dumbaki aliingia bila kuitwa, na mwimbaji wetu, aliyekuwa kando akimenya chungwa, akaanza ubeti kwa sauti ile ile iliyotakiwa bila kumwuliza mtu. Hiyo ndiyo kazi ya taksimu: humtengenezea mwimbaji njia, na huwawezesha watu wawili wasiofahamiana kupatana kabla wimbo haujaanza.

Wapo wanaodai kwamba taksimu ni mambo ya Waarabu na kwamba kuiacha ni kujikomboa. Ni kweli kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu, na masimulizi ya taarabu humtaja Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyempeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Hata hivyo, kilichokuja na jahazi hakikubaki kama kilivyoshushwa. Mwimbaji wa Unguja Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, aliiimba taarabu kwa Kiswahili na kuipeleka kwa watu wasiokuwa na nafasi katika kumbi za kasri. Katika kidumbaki, taarabu ya mitaani ya Unguja, fidla hukimbizana na sanduku lenye uzi mmoja, huku mwimbaji akiunganisha beti za nyimbo mbalimbali papo hapo kadiri wachezaji wanavyopamba moto. Sijui ni Mwarabu gani angedai kuwa hicho ni chake.

Nakiri kwamba sisi wa Tanga tuna sehemu yetu katika jambo hili. Vikundi vyetu vya taarabu, Black Star na Lucky Star, vilipoingiza gitaa la umeme na besi, katika mji uliokwisha kuzoea dansi la bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, taarabu ilipata mwendo wa kuchezeka, na sauti ya Bi Shakila Said ikafika mbali. Gitaa, ambalo sauti zake zimekwisha kugawanywa shingoni, haliwezi kuzifikia zile sauti za katikati ambazo kidole cha mpiga fidla huzipata kwa kuteleza tu, na kwa hiyo taksimu ndefu ya makamu ilipungua. Lakini ubunifu wa papo hapo haukufa. Mpiga gitaa mzuri bado aliachiwa nafasi ya kujibizana na mwimbaji baina ya beti. Leo nafasi hiyo nayo imechukuliwa na muziki uliohifadhiwa kwenye flashi, ambao hausubiri mtu, hata kama mwimbaji ametunzwa na angependa kuurudia ubeti.

Ombi langu ni dogo. Wanaoandaa matamasha hapa Tanga, na wenzao wa Bagamoyo ambako vijana husomea sanaa chuoni, watenge kwa kila kikundi walau dakika 3 za taksimu, na mgeni wa kutoka visiwani apewe yeye kuifungua. Watangazaji wa redio nao waache kuurukia wimbo kwa maneno yao kabla nyuzi hazijamaliza. Ikiwa muda ni mchache, nakumbusha kwamba usiku ule zilitolewa hotuba 4 kabla ya wimbo wa kwanza, na hakuna hata moja iliyokatwa.

Wako,
Mpiga fidla,
Ngamiani, Tanga.