Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Tamasha la Piano, Mombasa

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu walezi, nanyi wanachama mliofika,

Kwa mujibu wa katiba yetu ni wajibu wangu kuwasomea taarifa ya mwaka tunaoufunga leo. Nawashukuru mliofika, na hasa mliofika kwa wakati. Mkutano ulipangwa kuanza saa nne asubuhi, nasi tumeufungua saa tano na nusu, baada ya Katibu kuwapigia simu watu ambao jana usiku walithibitisha kwa maandishi kwamba wangekuwepo. Akidi yetu ni wanachama 25 kati ya 74, na tumeipata kwa kumhesabu mwenzetu aliyekuwa bado anatafuta pa kuegesha gari.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mafunzo ya watoto ya Jumamosi yaliendelea, vijana wanaojiandaa kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, walipewa nafasi ya mazoezi, ripoti ya mwaka imepelekwa kwa Msajili wa Vyama, na tulishiriki misiba na harusi za wenzetu kama ilivyo ada. Sina haja ya kuyarefusha haya.

Tamasha lilifanyika wiki ya mwisho ya Agosti, na naona fahari kusema kwamba halikuahirishwa hata usiku mmoja, jambo ambalo wenye kumbukumbu watakubali kuwa si la kila mwaka. Usiku wa kwanza ulikuwa wa muziki wa Kizungu wa zamani, wa pili wa kwaya, na wa tatu wa jazi pamoja na mtindo wa kukatakata mapigo, yaani ragtime, uliovuma Marekani enzi za mtunzi Scott Joplin. Usiku wa nne ulikuwa wa taarabu. Jumapili alasiri tukawaweka watoto na wapigaji wa bango, muziki wa kwetu Pwani, katika bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, bila kiingilio. Shabaha ilikuwa kuwaonyesha watu wa mji huu kwamba piano si chombo cha ukumbi mmoja wala cha watu wa tabaka moja, na shabaha hiyo, kwa maoni yangu na ya wengi walionipigia simu, ilifikiwa.

Naingia sasa katika jambo ambalo limezungumzwa sana nyuma yangu, nami nimeona ni heri nilizungumze mbele yenu: uamuzi wa kutokodi piano kubwa ya jukwaani kutoka Nairobi, na badala yake kuitengeneza piano yetu kuukuu ya kusimama, kisha kutumia kinanda cha umeme katika usiku wa taarabu na siku ya Mama Ngina.

Wapo walioandika kwamba tamasha la piano lisilo na piano kubwa ni aibu kwa Mombasa. Wapo waliotaka piano hiyo iwekwe ndani ya Fort Jesus, picha zipigwe, dunia ione. Mimi pia nina macho, na najua jinsi picha hiyo ingependeza. Lakini Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, si uwanja wa kuingiza lori, wala lango lake halikutengenezwa kwa chombo ambacho, kikiwa cha ukubwa kamili wa jukwaani, hukaribia kilo 500. Mwenye kampuni aliyetupa bei alitaka shilingi 410,000 za kukodi na kusafirisha, bila wapagazi wa upande huu, bila bima, na bila malipo ya fundi wa kutuni. Tena piano ikishasafirishwa kutoka hewa kavu ya bara hadi hewa yetu inahitaji siku nyingi za kutulia kabla ya kutuniwa, na yeye alikuwa tayari kuileta siku moja tu kabla ya ufunguzi.

Naomba niwaeleze waliouliza kwa nini hewa iwe sababu. Ndani ya piano mna nyuzi takriban 230, na mvuto wao wote kwa pamoja hukaribia tani 20, mzigo unaobebwa na fremu ya chuma. Ubao wa sauti ulio nyuma ya nyuzi ni wa mti. Unyevu ukizidi huvimba, huzisukuma nyuzi, na sauti hupanda. Hewa ikikauka hunywea na sauti hushuka. Mafundi hupendekeza unyevu wa hewa usiopita sana asilimia 45. Hapa kwetu, hata siku ambayo nguo zimekauka kambani, asilimia 70 ni jambo la kawaida, na kando ya bahari kuna chumvi juu yake. Kuweka chombo cha kuazima cha thamani hiyo kwenye upepo wa Kusi, halafu wingu lipite, ni ujasiri ambao mwenye kuutaka atanguliza hati ya nyumba yake kama dhamana, si jina la chama.

Piano yetu ilikuwa katika hali ambayo wengi wenu hamkuiona, kwa sababu siku fundi alipoifungua tuliwaalika wanachama wote na tulikuwa watatu. Alipoutoa ubao wa chini tulikuta nyuzi za sauti ya juu zimekuwa nyekundu kwa kutu, sufu ya nyundo imeliwa na nondo, vibonyezo 14 vya katikati vimevimba hata kikibonyezwa kimoja jirani yake anashuka naye, na chini kabisa sarafu kadhaa na kadi ya mwaliko wa harusi ambayo wahusika sasa wana wajukuu. Alijaribu kuukaza uzi mmoja, ukakatika kwa kishindo kilichomrudisha nyuma Makamu Mwenyekiti. Kazi yote, pamoja na nyuzi mpya, sufu, na nauli ya fundi kwa treni kutoka Nairobi, ilitugharimu shilingi 168,000. Kwa ushauri wake tumeweka ndani ya kasha, sehemu ya chini, balbu ndogo ya wati 25 inayowaka mchana na usiku ili kuikausha hewa. Balbu hiyo ni ya aina ya zamani inayotoa joto, haipatikani kila duka, nami niliitafuta na kuinunua kwa fedha zangu mwenyewe ambazo sijazidai. Naomba wanaoizima kwa kudhani wanaokoa stima waache.

Imesemwa pia kwamba Kamati haikuwa na mamlaka, kwa kuwa katiba inataka matumizi yanayozidi shilingi 150,000 yaidhinishwe na mkutano mkuu. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mkutano mkuu wa dharura uliitishwa mwezi wa Juni, taarifa ikatolewa siku 21 kabla, na walihudhuria wanachama 17. Kifungu kinachofuata kinaruhusu Kamati kuamua pale akidi inapokosekana na jambo likiwa halingoji. Kamati yetu ina wajumbe tisa. Tulikutana watano, wanne tukakubali, na wa tano alipinga. Upinzani wake umeandikwa katika kumbukumbu kwa ombi lake, kwa urefu alioutaka, na yeyote anaweza kuusoma. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba niliamua peke yangu, na wanaoniambia hivyo ni watu ambao siku hiyo walikuwa na dharura nyingine.

Kuhusu kinanda cha umeme, hapo ndipo lawama zilipokuwa kali kuliko mahali pengine, na hapo ndipo nina hakika zaidi. Piano imegawanywa sauti 12 katika kila duru, yaani oktava, na mpigaji hana pa kujificha kati ya moja na nyingine. Mahadhi ya taarabu ya Rasti na Bayati yana sauti zinazokaa katikati. Sauti ya tatu ya Rasti iko baina ya kibonyezo cheupe na cheusi, pahali ambapo piano haina kitu kabisa. Mpiga udi ataipata kwa kidole, mpiga fidla ataipata, lakini piano itampa iliyo juu au iliyo chini. Kinanda cha umeme cha aina tuliyoitumia kina mahali pa kuishusha sauti moja kwa robo, na kuirudisha wimbo ukiisha.

Hili halikuwa nadharia. Katika mazoezi tulianza na piano yetu iliyotengenezwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka ipewe nafasi. Mpiga udi akaanza taratibu, piano ikafuata, na ilipofika ile sauti ya tatu wazee wawili wa Mji wa Kale waliokaa mstari wa mbele wakatazamana. Mmoja akasema, kwa adabu yake yote, "Mwanangu, hapo mwagombana." Tulipohamia kwenye kinanda, mpigaji akabonyeza kitufe chake kabla ya kuanza, na mzee yule yule akafumba macho, akawa anapiga kwa kidole kwenye mkongojo wake hadi mwisho. Usiku wenyewe watu walisimama kutunza, noti zikaja mbele kwa madaha kama inavyopasa. Na kwa kuwa mwanachama mmoja ameandika kuuliza mbona fedha hizo hazimo katika hesabu, jibu ni kwamba pesa za kutunza ni za msanii, si za chama, na sikutegemea mtu aliyezaliwa Mombasa angehitaji kuelezwa.

Wanaosema kinanda cha umeme si piano wana haki ya kusema hivyo, nami sidai kuwa ni kitu kimoja. Lakini chombo hiki hakikushuka kikiwa kamili. Bartolomeo Cristofori alikiunda Firenze, Italia, yapata mwaka 1700, kwa kuwa kinanda cha nyuzi cha wakati wake kilizidona tu nyuzi na hakikuweza kupiga pole na kwa nguvu kwa kadiri ya mkono, akaleta nyundo. Fremu ya chuma ya kipande kimoja ilipata hataza baadaye sana, mwaka 1825, kwa Alpheus Babcock wa Boston. Kila hatua kati ya hizo iliongeza kazi ambayo piano ingeweza kufanya, na tamasha letu limeanzishwa kwa ajili ya kuonyesha kazi hizo. Hata hivyo sikukubali kila kitu: kijana wetu mmoja aliomba kuchomeka skrubu na vipande vya mpira baina ya nyuzi, kwa kumfuata mtunzi John Cage wa Marekani ambaye alifanya hivyo tangu takriban 1940. Nilimweleza kwamba naiheshimu elimu yake, na kwamba nyuzi zile zilikuwa na wiki tatu.

Kwa upande wa fedha, mapato ya mwaka yalikuwa shilingi 489,500, yaani ada 87,000, tiketi 214,500, wafadhili 150,000 na matangazo katika kijitabu cha ratiba 38,000. Matumizi yalikuwa 478,700: piano 168,000, jukwaa, spika na jenereta 112,400, kumbi 75,000, wasanii 96,000, na vibali, ulinzi na usafi 27,300. Tulianza na salio la 21,350, kwa hiyo tunafunga na 32,150. Hesabu zimepitiwa na mkaguzi. Mweka Hazina wetu alijiuzulu mwezi wa Septemba kwa sababu alizoziita za kibinafsi, nami sina sababu ya kuzitilia shaka. Namshukuru kwa utumishi wake, na namkumbusha kwamba daftari la stakabadhi bado liko kwake.

Sasa itazameni tena ile 87,000. Ada ni shilingi 3,000 kwa mwaka, na waliolipa ni 29. Wanachama 45 hawajalipa, yaani 135,000 ziko mifukoni mwa watu ambao baadhi yao ndio waliodai piano ya 410,000. Nimeipitia orodha mara mbili kabla ya kusema hivi. Nilizuia majina yasisomwe leo kwa kuwa sisi ni waungwana na mji ni mdogo, lakini Katibu ameyabandika mlangoni bila mimi kumzuia. Mtu akikosa kazi au akiuguliwa, aje aseme, na hakuna atakayemsumbua. Ninachoshindwa kukielewa ni mwanachama anayepata nafasi ya kubishana katika kundi la simu hadi saa saba za usiku, kisha asipate nafasi ya kutuma ada kwa M-Pesa kwa simu hiyo hiyo. Hata usiku wa jazi, ambao uliombwa na wanachama kwa barua, viti vya wanachama vilikaa vitupu na waliojaza ukumbi walikuwa wageni walionunua tiketi mlangoni.

Kwa mwaka ujao Kamati inatarajia, Mungu akipenda, kupanua tamasha, kuwafikia wafadhili zaidi, kuzungumza na Serikali ya Kaunti kuhusu mahali pa kudumu, na kuangalia uwezekano wa kuwapeleka walimu Likoni na Changamwe, maana watoto wa Likoni wanakosa mafunzo ya Jumamosi kwa ajili ya foleni ya feri. Mazungumzo ya awali yameanza na yanatia moyo. Suala la piano kubwa halijafungwa, na siku tutakapopata ukumbi wenye hewa inayodhibitiwa nitakuwa wa kwanza kuliunga mkono.

Kipindi changu kinaisha leo. Nimeombwa na baadhi yenu niendelee, na nimekubali jina langu lipendekezwe. Uchaguzi ni ajenda ya saba, na kwa mujibu wa katiba wanaopiga kura ni waliolipa ada. Katibu Msaidizi yuko meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi kwa anayetaka kulipa kabla hatujafika hapo. Wenye maswali kuhusu piano kubwa nawaomba wayahifadhi hadi ajenda ya sita, ambapo nimetengewa dakika 20 za kuyajibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti