Mnara umefika kijijini, intaneti imeishia kwenye bati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu intaneti ya shule za vijijini.

Habari za mawasiliano vijijini huhesabu minara. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ulisaini na kampuni za simu mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ni kazi kubwa, sina ugomvi nayo. Lakini kijana wa kidato cha nne anayetaka kurekebisha machaguo yake ya masomo na vyuo kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa serikali, au wa kidato cha sita anayeomba mkopo HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, bado anapanda bodaboda kwenda steshenari ya mjini, ilhali shuleni kwake kuna kompyuta kumi zimefunikwa shuka.

Kosa la kwanza ni mahali inapokaa ruta, kifaa kinachopokea intaneti ya mnara na kuisambaza shuleni. Hufungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, juu ya kabati, chini ya bati, kwa kuhofia wezi. Bati ni chuma, na chuma kinazuia mawimbi. Chukua simu yoyote ya Android, fungua taarifa za laini kwenye mipangilio, usome nguvu ya mawimbi kwa dBm badala ya kuamini vile vijiti vya juu ya kioo. Namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi. Uwanjani unaweza kukuta -95, ukiingia ofisini ikawa -115. Kwa -95 fomu inajazwa bila tabu. Kwa -115 ukurasa unazunguka mpaka bando linaisha.

Wengi hapo hununua antena ya nje na kuishusha kwa mita 15 za waya mwembamba wa RG-58. Waya huo unameza karibu nguvu yote iliyoongezwa na antena, hasa kwenye masafa ya MHz 1800 na kwenda juu. Nunua ruta ya 4G iliyotengenezwa kukaa nje, ifunge kwenye bomba la chuma la inchi mbili lenye urefu wa mita sita, ielekee mnara, kisha shusha waya wa mtandao unaobeba data na umeme kwa pamoja. Huo unakwenda hadi mita 100 bila kudhoofisha data. Bomba lipate ethi, njia ya kupeleka radi ardhini: nondo ya shaba ya mita moja na nusu, ardhini, mahali penye unyevu. Kanda ya kati, ambako ardhi hukauka miezi saba, imwagiwe maji kila baada ya muda. Radi ya mvua za kwanza haina subira na fundi aliyeruka hatua hii.

Umeme ndiyo kaburi la miradi. Kompyuta kumi za mezani, kila moja na kioo chake, hula takriban wati 1,000. Saa sita kwa siku ni yuniti sita. Kuzilisha kwa sola ni gharama ambayo shule ya kata haitaiweza, na anayeahidi kinyume chake anauza paneli. Hesabu inayowezekana ni hii: ruta wati 10 na kompyuta ndogo ya kutunzia masomo wati 6, saa 24, ni kama Wh (wati-saa) 384; yuniti moja ni Wh 1,000. Ongeza vishikwambi kumi vinavyochajiwa mara moja kwa siku, kama Wh 300. Paneli ya wati 200 kwenye jua la saa tano, ukitoa upotevu, inatoa Wh 700 hivi. Inatosha, kwa kubanana. Betri ya volti 12, Ah 100, itumike nusu tu, na vishikwambi vichajiwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Betri ya gari isiwekwe. Haikuundwa kumalizwa kila usiku, itakufa mapema.

Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, nayo iachwe. Kwa mzigo wa wati 16, inveta yenyewe inaweza kula wati 10 ikiwa imekaa tu. Kuna vifaa vidogo vya kushusha volti 12 kuwa 5, bei yake ni ndogo. Waya wa kutoka paneli hadi kidhibiti chaji usiwe ule wa taa wa milimita za mraba 1.5: kwa umbali wa mita kumi unapoteza zaidi ya volti mbili. Weka wa 6.

Kompyuta za msaada, zile kuukuu, zina ugonjwa wao. Betri ya kidonge ya CR2032 ndani ikiisha, kila zikiwashwa tarehe inarudi miaka nyuma, na kivinjari kinakataa tovuti kikisema si salama. Mwalimu anailaumu kampuni ya simu, kumbe tatizo ni kidonge cha bei ya soda chache. Windows nayo, kompyuta kumi zikiamua kujisasisha usiku mmoja, inamaliza GB 20 kabla ya kengele ya asubuhi. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuiambia kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo. Iwashwe kwenye kila mashine, masasisho mengi yatasubiri.

Kwa masomo ya kila siku bando halihitajiki hata kidogo. Programu za Kolibri na Kiwix huhifadhi video, mazoezi na Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye ile kompyuta ndogo, na vishikwambi vinasoma kwa Wi-Fi ya hapo hapo. Bando libaki kwa Selform, HESLB, barua za halmashauri na taarifa za NECTA, Baraza la Mitihani, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo zikipakuliwa mara moja shule nzima inazisoma.

Ombi langu kwa halmashauri na wafadhili: msipokee mradi kwa kuhesabu kompyuta. Fundi asome dBm na volti za betri saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachomoza, aziandike kwenye hati ya makabidhiano. Bando la mwaka mzima liwe ndani ya bajeti. Walimu wawili walipwe posho ya kuangalia mtambo, na kila mmoja awe na ufunguo wake wa chumba, kwa sababu mmoja akienda semina Dodoma wiki mbili, intaneti ya kata nzima inakwenda naye mfukoni.

Fundi wa mitandao ya shule,
Singida