Matone ya kuhesabu, si ya kumimina

Mhariri,

Madukani hapa Lamu vimejaa vichupa vya mafuta ya kunukia ya kutia nywele: rozimeri, titrii (mti wa Australia, si chai ya kunywa), lavenda, karafuu. Kibandiko kinataja jina na "asilia asilimia 100", basi. Hakisemi yachanganywe na nini wala kwa kiasi gani. Mnunuzi huyamimina utosini kama mafuta ya nazi, kisha ngozi ya kichwa inawaka na kuchubuka.

Mafuta haya hukenekwa kwa mvuke, na rundo zima la majani hutoa kichupa kimoja tu. Kipimo chepesi kukumbuka ni tone moja kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au ya ufuta. Kwa vijiko viwili vya chakula, yaani mililita 30, ni matone 6, takriban asilimia 1. Mtu mzima ambaye ngozi yake imeyazoea aweza kufika 12, asizidi. Karafuu haimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa huunguza: isipite matone 3 kwa mililita hizo 30, na kwa maoni yetu ibaki kwenye pilau. Kwanza paka kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili.

Kosa jingine ni la jikoni. Anayepika tui apate mafuta hutia matone sufuria ingali motoni. Ile harufu inayojaa nyumba nzima ndiyo mafuta yenyewe yanayokimbia. Subiri mpaka mafuta ya nazi yaache kutatarika, maana mlio huo ni wa maji, na maji yakibaki mafuta huchacha upesi. Epua, chuja, yaache yapoe hata chombo kishikike kwa mkono, ndipo uhesabu matone. Wanaotia matone kwenye maji ya kupulizia nao hawajapunguza ukali: mafuta yanaelea juu, yanafika kichwani vilevile yalivyo.

Mwenye mba asilale na mafuta chini ya ushungi. Kuvu wanaochochea mba hula mafuta, kwa hiyo atakuwa anawaandalia daku. Bora atie matone 6 ya titrii katika vijiko viwili vya chakula vya shampuu isiyo na manukato, aache kichwani dakika 3, asuuze vizuri. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2002 ulitumia shampuu ya titrii ya asilimia 5 kwa wiki 4, mba ikapungua, lakini ile ilitengenezwa maalumu, haikukorogwa bafuni. Mapunye ya watoto ni ugonjwa mwingine, unaotaka vidonge vya daktari. Na mtoto mchanga asisogezewe mnanaa wala mkaratusi karibu na pua, huweza kumbana pumzi.

Rozimeri inasifiwa kupita kiasi. Katika jaribio la Iran la 2015 ililinganishwa na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 2 kwa wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi 3 nywele hazikuwa zimeongezeka kwa kundi lolote, ziliongezeka kwa yote mawili baada ya miezi 6. Nywele zilizong'oka kwenye paji kwa misuko ya kukaza hazirudi kwa tone lolote msuko usipolegezwa.

Kujua kama umeuziwa mchanganyiko, dondosha tone la rozimeri kwenye karatasi nyeupe, uiache hadi kesho. Yaliyo safi hupotea. Likibaki doa kama la karatasi ya bajia, yametiwa mafuta mazito.

Tunawaomba wenye maduka waandike kwa Kiswahili jina la mmea na maneno haya tu: "tone moja, kijiko kimoja cha chai". Pia wayatoe mafuta haya kwenye vioo vya mbele penye jua na wasiyagawe kwenye vichupa vya plastiki. Titrii iliyopigwa joto na hewa huharibika, na iliyoharibika ndiyo huwasha zaidi.

Wasusi,
Langoni, Lamu