Na akina baba wasomewe aya yote

Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa Bombo, Uganda, na jioni husomesha darsa la akina mama. Naomba nafasi niseme na maimamu wetu.

Mtoto akizaliwa, mawaidha hayakosi Sura ya Baqara, aya ya 233: akina mama wanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili. Ni haki kabisa, na wataalamu wa afya wanahimiza hivyohivyo, miezi sita ya mwanzo iwe maziwa ya mama matupu. Lakini aya hiyohiyo inaendelea kusema kwamba chakula na mavazi ya huyo mama ni juu ya baba, kwa wema. Hapo ndipo mawaidha yetu hukatikia.

Nikipita majumbani namkuta mtoto wa miezi minane anapewa chai ya rangi na kipande cha mkate, na kuku wanataga uani. Mayai yanakwenda dukani. Mama wa watu si mjinga. Kliniki alifundishwa kukoroga uji mzito, atie njugu za kusaga na mukene, yaani dagaa, aliyechambuliwa mchanga, akatwangwa hadi unga. Pesa hana, na kuhusu mayai hana kauli.

Msiniambie ni ukosefu wa chakula tu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Tooro, huko magharibi mwa nchi kwenye matoke na maharage tele, ilikuwa karibu asilimia 41. Kimo kikishapotea katika miaka miwili ya mwanzo, kukirudisha ni shida, na akili nayo huathirika.

Kliniki, foleni yote ni wanawake. Mwenye mfuko yuko msikitini siku ya Ijumaa, amekaa kimya anasikiliza. Basi aambiwe hapo. Aambiwe pia, Ramadhani ikikaribia, kwamba mjamzito au mwenye kunyonyesha akihofia afya yake au ya mwanawe ana ruhusa ya kula, maana wapo wanaofunga kwa kuwaogopa mama wakwe.

Ninachoomba ni khutba moja, na baada ya sala tuweke ubao wa kupimia urefu kwenye kivuli cha msikiti, baba mwenyewe amshike mwanawe akipimwa. Muuguzi nitamtafuta mimi. Kamati itupe ruhusa, na imamu atangaze kabla watu hawajavaa viatu.

Mama wa darsa,
Bombo