Harambee ya Kupunguza: Tuichangie Programu ya Chama Iwe Ndogo

Kwa wanachama wote, majirani, na watoto wetu mlio Nairobi, Doha na Minneapolis. Salamu kutoka kwa kamati.

Tumezoea harambee ya kuongeza. Paa la kanisa, darasa la chekechea, lile tangi la maji ambalo mpaka leo mtu akipita na mgeni lazima aseme, "Hapo kuna elfu mbili zangu." Safari hii tunawaomba pesa za kupunguza. Kazi ikiisha hamtakuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni, ila programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za chama chetu cha kuchanga na kukopeshana, iliyo ndogo kuliko tuliyo nayo leo. Najua jambo hilo linavyosikika. Kwenye kikao cha kamati mzee mmoja aliuliza kama tunachanga ili tupate nusu ya gari. Basi nieleze.

Januari, wiki ya karo, mnaikumbuka. Wanachama 11 walikatwa rejesho la mkopo mara mbili. Mama mmoja wa mitumba, aliyemaliza deni lake Novemba, aliletewa ujumbe kwamba ni mdaiwa sugu, nao ukamkuta dukani akilipia sare za mtoto. Pesa zote zilirudishwa, lakini baada ya siku 9, na siku 9 za Januari kila mzazi anajua urefu wake.

Tulimtafuta mwizi, tukakuta hakuna. Kijana wetu aliyeiandika programu hii akiwa chuoni alitufanyia kwa mapenzi, nayo ilitutosha tulipokuwa watu 40 tunaolipa kila wiki. Kisha tukaanza: tuongezee mikopo ya karo. Tuongezee faini. Tuongezee mfuko wa mazishi. Tuongezee marejesho ya kila mwezi. Yeye akapata kazi mbali, wakaja wengine wawili, kila mmoja akajenga chumba chake ubavuni bila kubomoa kibanda cha zamani. Ile sehemu ya kukata kila wiki ikabaki ndani, imelala. Rekebisho dogo la Desemba likaiamsha. Ikakata, na ile ya kila mwezi nayo ikakata.

Msidhani ni ushamba wetu. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na kabla dakika moja haijatimia ikalipuka angani pamoja na setilaiti 4 ilizobeba. Ndani ya kompyuta zake mlikuwa na kipande cha programu kilichorithiwa kutoka Ariane 4, kazi yake kuweka sawa vipimo vya mwelekeo kabla ya kuondoka chini. Kwa roketi mpya, ikisharuka, kipande hicho hakikuwa na faida yoyote, lakini kiliachwa kiendelee kupiga hesabu. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba ikazidi nafasi iliyotengewa, kompyuta ikajizima. Ya akiba ilikuwa na programu ile ile, kwa hiyo ilikuwa imeshajizima kwa ugonjwa ule ule.

Na tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Knight Capital, ilipoteza zaidi ya dola milioni 400 kwa muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva, yaani kompyuta za kuendeshea kazi, 7 kati ya 8. Katika ile ya nane ukaamka msimbo wa zamani, yaani maagizo ya programu, ambao haukuwa umetumika kwa miaka. Niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikakumbuka Januari yetu nikanyamaza.

Mtauliza kwa nini tusinunue programu nyingine. Tuliuliza bei. Zile tunazozimudu zina mambo mengi kuliko yetu, mengine hatujui hata ni ya nini, na ada yake inalipwa kila mwezi bila kikomo. Tungekuwa tumetoka kichaka hiki na kuingia kingine chenye kiingilio.

Tunachotaka ni utafiti wa miezi 10. Vijana wawili wa hapa kwetu, waliomaliza masomo ya kompyuta, wataongozwa na mhadhiri aliyekubali kutusaidia kwa nauli tu. Wataanza na katiba ya chama, si na kompyuta. Kila kipande cha msimbo kitaulizwa: wewe unatumikia kifungu gani? Kisicho na jibu kinatoka. Kufagia namna hii kuna watu waliotutangulia. Mwaka 2014, kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano ya intaneti, watengenezaji wa OpenBSD, mfumo wa kuendesha kompyuta, walichukua nakala ya OpenSSL wakaanza kuondoa yasiyohitajika. Wiki ya kwanza tu walitoa mistari ya msimbo zaidi ya 90,000.

Kisha inakuja sehemu ambayo mimi ndiyo inanifurahisha. Sheria zetu zitaandikwa kwa lugha ya hesabu. Shilingi ya chama ama iko kwenye akaunti, ama iko kwa mkopaji, ama imelipwa kwa risiti. Hakuna mahali pa nne. Rejesho la mwezi mmoja halikatwi mara mbili. Wataandika pia mfano mdogo wa chama kwa TLA+, lugha aliyoibuni Leslie Lamport, mshindi wa Tuzo ya Turing ya 2013, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Zana zake hazilipiwi. Kompyuta itapita kila njia ndani ya mfano huo: mtandao umekatika katikati ya malipo, mtu amebonyeza mara mbili, umeme umepotea mweka hazina akiwa anaandika. Njia ikivunja sheria, tunaonyeshwa hatua kwa hatua ilivyovunjika, kabla hela ya mtu haijaguswa.

Miezi 3 ya mwisho programu mpya itakwenda sambamba na daftari la mkono. Hatujui itapungua kwa kiasi gani, na ndiyo maana tunaita utafiti na si ukarabati. Tutakachopata, pamoja na tulipokosea, kitaandikwa kwa Kiswahili na kupewa chama chochote kitakachotaka, bure.

Sasa hela. Posho ya vijana wawili, shilingi 20,000 kwa mwezi kila mmoja, inafika 400,000. Kompyuta mbili za mtumba 70,000, umeme na intaneti 50,000, nauli ya mhadhiri 40,000, kuchapisha 10,000. Jumla ni 570,000. Wanachama tumeshatoa 130,000 kwenye vikao, zimebaki 440,000. Mtu wa kamati halipwi hata chai. Tukifika nusu tu, tutafanya sehemu ya mikopo peke yake, maana ndiyo iliyouma, na mfuko wa mazishi utasubiri.

Tukutane ukumbi wa kanisa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana. Kadi za mchango ziko kwa viongozi wa vikundi, na mlio mbali mpigieni mweka hazina mnayemjua. Msitume pesa kwa namba mliyoletewa na mtu mwingine.

Asiye na hela siku hiyo naye aje, na kitabu chake cha zamani cha chama, hata kama kimeliwa na panya. Hesabu za miaka ile ya malipo ya kila wiki ndizo tutakazoijaribia programu mpya, na vitabu tulivyo navyo ofisini havifiki hata ishirini.