Barua kwenu mabinti zangu mlioko Dar

Wanangu, nawaandikia wote mnaohangaika na kazi hapo mjini, maana wiki mbili zilizopita nililala kwa mpwa wangu Chanika na nilichokiona kinaniumiza mpaka leo.

Mtoto kashuka kwenye daladala saa mbili usiku, kachoka, kapika, tumekula, mi nikajua sasa analala. Saa nne na nusu nashtuka usingizini namuona anazunguka chumbani, kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani, simu mkononi. Mwanangu kuna nini? Akasema shangazi simu inanihesabia hatua, zimebaki 2,300 nifikishe 10,000 za leo. Na alamu yake inalia saa kumi alfajiri!

Hivi mnajua hiyo elfu kumi ilianzaje? Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kimashine cha kuhesabia hatua ikakiita manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia kifaa. Kutembea ni kuzuri, mi mwenyewe natembea, ila binti wa watu akose usingizi kwa ajili ya jina la bidhaa, hapana.

Asubuhi nikasoma karatasi aliyobandika ukutani. Kunyoosha viungo dakika 10, daftari la shukrani 10, kusoma kitabu 20, Kifaransa 15, podikasti 30, ngozi asubuhi na jioni 30, kupika cha kesho 45, kutembea saa nzima. Nikajumlisha kwa kalamu, masaa 3 na dakika 40, kwa mtu anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Kila mshauri anaomba kadakika kake tu na kweli ni kadogo, ila hakuna anayeuliza wenzake wameshachukua ngapi, haba na haba hivyo hivyo mpaka kibaba kinamwagika.

Chini kaandika kwa peni nyekundu, siku ya 22 nimeshindwa, mimi mzembe. Hapo ndo nililia jamani. Kwa sababu kaambiwa siku 21 zinatosha mtu kuzoea jambo, wakati kuna watafiti wa London walifuatilia watu, utafiti ukatoka 2009, wakakuta wastani ni siku 66, kuna aliyechukua 18 na kuna waliyemkadiria mpaka 254. Sasa uzembe wake uko wapi?

Na mimi nimo kwenye kosa hili. Kila asubuhi nawatumia meseji, kunyweni maji, punguzeni chumvi, msikae sana, nikidhani nawapenda kumbe nawaongezea deni la kuamkia. Naacha. Nitakuwa nawauliza tu mmelalaje.

Ninachowaomba ni hiki, mtu akikuletea zuri jipya muulize moyoni, nitoe lipi ili hili lipate nafasi? Kama cha kutoa ni usingizi tu, basi liache lipite, hata kama aliyelisema ni mimi. Na siku uliyofanya kazi, ukala, ukamjulia hali mama yako, ukalala, hiyo siku imekamilika, usiidai kitu tena.

Jumapili nilimuomba azime alamu. Kaamka saa tatu, tukakaa mlangoni na chai na mihogo ya kuchemsha, akanisimulia mambo ya ofisini kwao mpaka chai ikapoa, simu iko ndani kwenye chaji.