Barua kwa Rafiki: Kuisoma Amerika Kusini Kuanzia Magharibi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u buheri wa afya. Katika barua yako uliniuliza kwa nini miji mikubwa ya Amerika Kusini imejipanga pembezoni mwa bara, huku katikati kukiwa na watu wachache mno, na kama hiyo ni kazi ya maumbile au ya historia. Ni kazi ya vyote viwili, ila nakushauri usianze na msitu wa Amazon, kama ilivyozoeleka; anza magharibi, kwenye milima ya Andes, maana hiyo ndiyo inayoamua karibu mengine yote.

Milima hiyo imeenea takriban kilomita 7,000, kuanzia Venezuela hadi ncha ya kusini ya bara, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Aconcagua nchini Argentina, kina mita 6,961. Iliinuka, na bado inainuka, kwa sababu bamba la Nazca, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kilicho chini ya Bahari ya Pasifiki, linazama chini ya bamba linalobeba bara. Msuguano huo ndio ulioleta tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, la ukubwa wa 9.5, kusini mwa Chile mwaka 1960.

Sasa fuata upepo. Pepo zinazotoka Atlantiki huingia bonde la Amazon zikiwa zimejaa unyevu. Mvua hunyesha, miti huyarudisha hewani sehemu ya maji hayo kupitia majani yake, kisha hunyesha tena mbele zaidi, hadi mawingu yanapokwama kwenye Andes na kumwaga yaliyobaki. Ndiyo maana mto Amazon, ambao vijito vyake vya mbali kabisa vinaanzia Peru, umbali usiofika kilomita 200 kutoka Pasifiki, huipa kisogo bahari iliyo jirani na kusafiri zaidi ya kilomita 6,000 hadi Atlantiki, ukibeba karibu sehemu moja ya tano ya maji yote ambayo mito ya dunia huyaingiza baharini. Mteremko wake ni mdogo ajabu: mji wa Iquitos, ulio ndani kabisa ya Peru, uko takriban mita 100 tu juu ya usawa wa bahari. Hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine mikubwa ya nchi hiyo. Huingii ila kwa chombo cha majini au ndege.

Upande wa pili wa milima ni kinyume kabisa. Andes huzuia unyevu wa mashariki, na mkondo baridi wa bahari uitwao Humboldt huipoza hewa ya pwani hata isiweze kupanda na kuwa mvua. Hivyo jangwa la Atacama likazaliwa kando ya bahari, na mji wa Arica, kaskazini mwa Chile, hupata kwa wastani chini ya milimita moja ya mvua kwa mwaka. Lima nayo, yenye watu takriban milioni kumi, imejengwa jangwani na kunywa maji yashukayo milimani. Ukifika kusini kabisa pepo huvuma kutoka magharibi, basi Chile ndiyo inayolowa na Patagonia ya Argentina ndiyo inayokauka.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi watu walivyoyageuza makali ya milima kuwa faida. Kwenye nyanda za juu za Peru na Bolivia, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ya kugandisha, wakati jua la mchana ni kali. Wakulima hutandaza viazi nje vigande usiku, na mchana vikiyeyuka huvikanyaga kwa miguu mitupu ili maji yatoke, kisha huvianika. Hupatikana chuño, viazi vyepesi na vigumu vinavyoweza kukaa ghalani kwa miaka. Akiba ya namna hiyo iliwasaidia Wainka kulisha dola iliyotawaliwa kutoka Cuzco, mita 3,400 juu ya bahari.

Wahispania walipogundua utajiri wa madini ya fedha huko Potosí, katika Bolivia ya leo, mwaka 1545, walikwenda juu milimani. Wareno walibaki pwani ya Brazili na mashamba yao ya miwa, wakawaleta Waafrika wengi kuliko koloni lolote la Amerika, na utumwa haukufutwa huko hadi mwaka 1888. Kuhamishia mji mkuu Brasília mwaka 1960 kulikuwa jaribio la kuwavuta watu wa pwani waingie bara. Kulifanikiwa kiasi, lakini pwani bado ina uzito.

Mpaka mmoja utazame kwa makini, kati ya Bolivia na Chile. Bolivia ilipoteza pwani yake katika vita vilivyoanza mwaka 1879, na mwaka 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Chile haina wajibu wa kisheria wa kujadiliana nayo kuhusu njia ya kufika Pasifiki. Hata hivyo Bolivia bado ina jeshi la majini, ambalo hufanya kazi mitoni na katika ziwa Titicaca, mita 3,812 juu ya bahari hiyo wanayoidai.

Ukipata ramani ya mvua ya bara hili, iweke kando ya ramani ya watu, kisha uniandikie unachokiona.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote